Risala ya Klabu ya Historia na Midahalo kwa Mgeni Rasmi, Wete, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wajumbe wa kamati ya skuli,
Mheshimiwa Sheha,
Wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha leo tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu na kuvuka bahari katika kusi hili. Tumesikia boti ilicheza sana. Pole kwa safari, na karibu Pemba.

Klabu yetu hukutana kila Alkhamisi baada ya vipindi, chini ya mwembe ulio nyuma ya maabara. Muhula huu tulishikana na hoja moja tu: serikali ikiwaomba radhi wenyeji asilia iliowadhulumu, na ikawalipa fidia, je, jeraha linapona?

Upande uliokubali ulitangulia na hotuba ya Kevin Rudd, Waziri Mkuu wa Australia, aliyesimama bungeni tarehe 13 Februari 2008 kuwaomba radhi wenyeji wa nchi ile walioporwa watoto wao kwa amri ya serikali. Watu walilia siku ile, na wengi wetu tukaona mdahalo umekwisha. Upande wa pili ukauliza neno moja: alilipa? Hakulipa. Serikali yake ilikataa kuanzisha mfuko wa fidia wa taifa. Serikali kuu ilitangaza fidia ya dola za Australia 75,000 kwa mtu mwaka 2021, nayo ni kwa waliochukuliwa katika maeneo iliyokuwa ikiyatawala yenyewe. Kwa mtu aliyekuwa tayari mzee siku ya hotuba, miaka 13 si ya kungojea.

Canada ilifanya yote mawili. Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi bungeni Juni 2008 kwa ajili ya skuli za bweni ambamo watoto wa wenyeji walitengwa na wazee wao na kukatazwa lugha zao. Kwa mapatano yaliyotangulia radhi hiyo, kila aliyesoma humo alistahiki dola 10,000 kwa mwaka wa kwanza na 3,000 kwa kila mwaka uliofuata. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu alisema hiyo ni ada ya skuli inayorudi kinyumenyume. Tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu wapo walionyimwa baadhi ya miaka yao kwa kuwa madaftari ya mahudhurio hayakuonekana. Na watoto hawakuwa wao wenye kuyatunza madaftari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hapo tulikwama, na aliyetukwamua ni bibi yangu, ambaye hajui Canada iko wapi. Nilipomsimulia, alinikumbusha jirani aliyesogeza mpaka wa shamba letu, mikarafuu mitatu ikawa upande wake. Alichuma misimu miwili. Siku moja kabla ya Ramadhani akaja na kikapu cha halua, akasema, "Bibi, niwie radhi, binadamu hukosea." Bibi akampokea vizuri, akampa kahawa. Halua akaiweka juu ya kabati, na sisi wajukuu tukakatazwa kuigusa. Ilikaa pale mpaka jirani alipokwenda na sheha kuurejesha mpaka. Jioni ile ndipo bibi alipokishusha kikapu. Halua ilikwisha kuwa ngumu, tukaila hivyo hivyo.

Kwa bibi jambo hili halina ufundi. Madrasa tumefundishwa kuwa toba ya haki ya mja haitimii kwa majuto peke yake: uache, ujute, uazimie kutorudia, na ulichochukua ukirejeshe kwa mwenyewe. Serikali nyingi tulizozisoma zinashika majuto na kuiruka ile ya nne, au zinairejesha kwa kitu kingine kisichokuwa kile kilichochukuliwa.

Ndiyo maana kisa cha Walakota wa Marekani kilituchukua Alkhamisi mbili. Mwaka 1877 serikali iliwanyang'anya Black Hills, milima yao mitakatifu, ilhali mkataba wa 1868 uliiacha kuwa yao. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya nchi ile ikakubali kuwa walidhulumiwa, wakapewa zaidi ya dola milioni 100. Wakazikataa. Fedha zimewekwa tu zinazaa, sasa zimepita bilioni moja, na wenyewe ni miongoni mwa watu maskini kabisa wa Marekani. "Sisi tungezichukua!" alipiga kelele mmoja wetu. Labda. Lakini wao wanasema milima haiuzwi, na akipokea bei mtu huwa ameuza.

Karibu na kwetu kuna Waogiek, wenyeji asilia wa msitu wa Mau, Kenya, waliofukuzwa humo na serikali yao. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Tanzania, Arusha, iliwapa ushindi Mei 2017. Juni 2022 ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya na warejeshewe ardhi yao kwa hati. Novemba 2023 wengine wakafukuzwa tena msituni, nyumba zikabomolewa. Hapo hata sharti la kwanza, la kuacha, halijatimia.

Na sisi Wazanzibari tusijitoe. Habari ya watumwa si habari ya wenyeji asilia, tunalijua hilo, lakini amri ya Aprili 1897 iliyoondoa utumwa kisheria visiwani iliweka fidia, na aliyelipwa ni bwana. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Kila tukisikia neno fidia sasa, tunauliza kwanza: inakwenda mkononi mwa nani?

Kura zilipopigwa, waliokubali hoja walishinda kwa tofauti ndogo. Mimi nilikuwa wa walioshindwa, na bado sijaridhika.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni mawili. Kwanza, kinasa sauti, ili tuzihifadhi habari za wazee wa hapa kabla hawajatutoka. Simu za kuazima hujaa katikati ya maneno. Pili, utusaidie kupata hukumu ya Waogiek kwa Kiswahili, kwani tuliisoma kwa Kiingereza tukiwa na kamusi moja kwa watu wanane.

Halua iliyo mbele yako ni ya hapa Wete, ya leo asubuhi. Karibu uile bila wasiwasi, hatujasogeza mpaka wa mtu.

Tunaomba kuwasilisha.