Barua ya wazi kwa Waziri wa Sayansi wa Uganda: tusiishie kutoa damu

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Arua. Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, na leo nakuandikia habari za seli za kinga.

Kaka yangu anaishi na virusi vya UKIMWI. Siku moja alirudi kutoka kliniki na karatasi yake: CD4, yaani idadi ya seli T zinazosaidia kuongoza kinga ya mwili, ilikuwa 212. Tulishukuru Mungu, maana chini ya 200 ndiko kwenye hatari kubwa. Usiku namba ile ikaninyima usingizi. Seli 212 katika kila maikrolita ya damu, sawa, lakini ni za koo ngapi, yaani vikundi vingapi vya seli ndugu zenye kipokezi kimoja?

Kila seli T huzaliwa na kipokezi chake cha kutambua adui. Mwili hukitengeneza kwa kukata na kuunga vipande vya jeni kwa kubahatisha, njia ambayo mwanasayansi Susumu Tonegawa aliigundua kwanza kwenye kingamwili, protini za damu zinazonasa vijidudu, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuwa na CD4 sawasawa, mmoja ana koo tele, mwenzake ana chache tu zilizozaana mno. Akija adui mgeni, huyo wa pili huenda asiwe na seli ya kumtambua. Karatasi ya kliniki haiwezi kulionyesha hilo.

Wala huwezi kuzihesabu zote, maana mtu mzima ana seli T mamia ya mabilioni. Unachota damu kidogo, kisha unakadiria koo ambazo hukuziona. Nililijaribu darasani. Nilichanganya kwenye gunia maharagwe, kunde, choroko na njugu mawe, aina 14 kwa jumla, nisiwaambie wanafunzi idadi. Wakachota kikombe kimoja, wakapata aina 9. Nne zilionekana mara moja tu, mbili zilionekana mara mbili. Kanuni inasema zidisha 4 kwa 4, gawanya kwa mara mbili ya 2: unapata 4, ndizo angalau zilizojificha. Jumla 13. Tulipomwaga gunia sakafuni, binti mmoja wa dawati la nyuma alipiga magoti akazitenga aina zote kwa vidole, akasimama akauliza: "Mwalimu, na damu inafanywa hivi hivi?" Ndiyo, na kanuni hiyo hiyo hutumika kukadiria aina za wadudu msituni.

Hesabu za namna hii zimeokoa watu. Mwaka 1996 watafiti Alan Perelson, David Ho na wenzao walichukua vipimo vya wagonjwa 5 wenye virusi vya UKIMWI waliokuwa wameanza dawa, wakaviingiza kwenye milinganyo. Ikaonekana virusi takriban bilioni 10 huzalishwa kila siku mwilini, wakati ambapo wengi walidhani vimelala. Kwa kasi hiyo ya kuzaana na kubadilika, dawa moja peke yake haiwezi kufua dafu. Ndiyo maana kaka yangu anameza mchanganyiko.

Entebbe tuna taasisi ya virusi tangu 1936. Wataalamu wa maabara tunao, na damu tunatoa. Mimi mwenyewe nilitoa katika utafiti mmoja, nikauliza nani atapiga hesabu. Nikajibiwa kwamba data zinapelekwa ng'ambo. Iliniuma, Mheshimiwa, kwa sababu najua vijana wetu wanaoziweza.

Naomba jambo moja. Kila mwaka wizara iwalipie wahitimu wachache wa hesabu wa vyuo vyetu, wakae miaka miwili maabara pamoja na wataalamu wa kinga, na kila utafiti unaochukua damu ya Waganda uwe na mmoja wao kwenye meza ya hesabu tangu siku ya kwanza, kabla sindano haijaingia mkononi mwa mtu.

Binti yule wa dawati la nyuma sasa yuko mwaka wa 3 chuoni, anasoma hesabu. Anamaliza mwakani, na ameniuliza aombe wapi. Sikuwa na pa kumwelekeza.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa hesabu, Arua