Mashine yako ya vifaranga: rilei ya kawaida au SSR?

Mashine za kutotolesha vifaranga zinazoletwa kwetu zina ugonjwa unaojirudia: hita haiwaki, au imewaka na haizimi. Tukifungua boksi la umeme tunakuta kile kirilei cha bluu cha volti 5, yaani swichi inayowasha na kuzima hita kwa amri ya kidhibiti joto. Tukikikata kasha, kontakti zake, yaani vile vyuma vinavyogusana kupitisha umeme, ni nyeusi, zimelika mpaka zina vishimo.

Si kwamba ulipewa feki. Rilei imechoka tu. Kila inapoachia, cheche huruka kati ya kontakti na kula chuma kidogo. Watengenezaji huikadiria kama mara 100,000 ikibeba mzigo wake kamili. Sasa piga hesabu: kidhibiti joto kikiwasha hita kila baada ya sekunde 20, hiyo ni mara 180 kwa saa, 4,320 kwa siku. Mayai ya kuku hukaa siku 21. Raundi moja tu ya vifaranga ni mara 90,720! Hita ndogo huila taratibu zaidi, lakini inaila.

Ndiyo maana kwenye hita tunafunga SSR (solid state relay), yaani rilei ya kielektroniki. Ndani yake hakuna kinachosogea. Umeme mdogo wa kidhibiti huwasha kitaa kidogo, na mwanga wake ndio unaoamsha upande wa umeme mkubwa. Hakuna cheche wala mlio, na kuiwasha mara nyingi hakuichoshi.

Adui yake ni joto. Ikipitisha umeme hupoteza kama volti 1 hadi 1.5, kwa hiyo kwenye ampia 10 inatoa wati 10 hadi 15 za joto. Ifunge kwenye hitisinki ya alumini, yaani kile kipande cha kupoza, upake pesti ya kupitisha joto katikati, na uiweke nje ya chumba cha mayai. Hata ikiwa imeandikwa ampia 40, sisi hatuipi zaidi ya nusu yake.

Kuna jambo tunalolisisitiza kwa kila mfugaji. SSR ikiharibika, mara nyingi hubaki imewaka. Usiku mmoja unatosha kuivisha trei nzima ya mayai. Hapa ndipo rilei ya kawaida inaporudi kazini: tunaiunga mfululizo na hita, ikiongozwa na kidhibiti cha pili kilichosetiwa nyuzi 38.5, ikate umeme joto likipita hapo. Kwa kuwa haigongi ila siku ya hatari, itadumu miaka. Na kabla ya kushika waya, chomoa plagi, kwa sababu SSR iliyozimwa bado huvujisha umeme kidogo.

Kwa watu wa sola, angalieni maandishi ya upande wa mzigo, yaani upande unaofungwa hita au taa. Mteja mmoja alifunga SSR ya AC (umeme wa nyumbani) kwenye taa za betri ya volti 12. Ziliwaka vizuri, zikakataa kuzima mpaka achomoe waya. SSR ya aina hiyo huzima pale tu umeme unapofika sifuri. Umeme wa nyumbani wa hezi 50 hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, wa betri haufiki kamwe. Betri inataka SSR iliyoandikwa VDC (volti za umeme wa DC, kama wa betri) upande wa mzigo.

Pampu ya maji ifungieni kontakta, yaani rilei kubwa ya mota, badala ya SSR.

Ukija dukani, njoo na wati za hita yako na picha ya lebo ya kidhibiti. Kwa hivyo viwili tutakuchagulia SSR na hitisinki inayoitosha.