Barua ya Wazi: Lile Boksi la Bataville Liko Wapi?

Mheshimiwa Afisa wa Urithi,

Shikamoo. Nakuamkia hadharani kwa sababu simu yako haipokelewi.

Najitambulisha kwa mara ya sita: ni mimi yule mama wa Limuru. Nimekulia jirani na kiwanda cha Bata, shule nzima nimesoma na viatu vyao, kisha nikaja kuolewa Lorraine, Ufaransa, nikakuta baba mkwe naye ni mtu wa Bata! (Mzee alicheka hadi akakohoa nilipomwambia bata kwetu ni ndege.)

Bataville unaijua, ndiyo kazi yako. Kampuni hiyo ya Bata, ya Kicheki, ilianza kuijenga miaka ya 1930 pale Hellocourt, Moselle, kando ya mfereji na reli: kiwanda, nyumba za matofali, shule, bwawa la kuogelea, viwanja. Waliokuwa wakishona viatu mchana ndio hao hao jioni walikuwa wakikimbizana na mpira wa kikapu. Mzee wangu mmojawapo. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havinyooki mpaka leo. Kiwanda kilifungwa 2001. Vidole vimebaki vile vile.

Sasa boksi. Jezi namba 7, picha 11, daftari la matokeo lililoandikwa kwa penseli. Uliliomba "kwa wiki mbili tu", sebuleni kwangu, huku ukiongeza sukari kwenye chai yangu. Huu ni mwaka wa tatu. Wiki za serikali ni ndefu, nakubali.

Jumamosi iliyopita mzee, miaka 84, alivaa tai nikampeleka kwenye maonyesho yenu. Viatu tele, mabango, hata tofali ndani ya kioo. Kikapu hakuna. Kijana wa mapokezi akasema klabu hiyo haijui. Mzee hakubishana. Njia nzima hakufungua mdomo, na usiku alilala na tai shingoni.

Nahisi boksi lilipotea mlipohama ofisi. Au limelowa, mnaona haya kusema. Semeni tu! Nilitaka lote, kisha nikasema basi, jezi kaeni nayo, na daftari pia.

Nipe picha moja. Ile ya timu, yeye kachuchumaa mbele, mpira katikati ya magoti. Aliyesimama nyuma yake ni kaka yake, marehemu, na nyingine ya huyo kaka hatuna.

Picha hiyo moja, mheshimiwa. Nitaifuata mwenyewe.