Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Probiotiki na Kuku Wetu wa Nyama

Ndugu wanachama wenzangu,

Katiba yetu inanitaka niwasilishe taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu. Mapato na matumizi atayasoma mhazini, na hali ya ada ataieleza katibu. Sitaingilia kazi zao. Nafasi hii nataka niitumie kwa jambo lililochukua muda wa kamati kuliko yote: probiotiki, hawa bakteria rafiki ambao maduka ya dawa za mifugo kuanzia Kimara hadi Mlandizi sasa yanawauza kwa pakiti na kwa chupa. Wengi wenu mmeniuliza kama ni kitu cha kweli au ni biashara ya watu.

Msimamo wa kamati nautoa mapema ili asiwepo wa kuutafuta mwishoni. Probiotiki zinafaa, na tunataka wanachama wazitumie. Lakini hazimfai anayezimimina juu ya antibiotiki anazowapa kuku kila wiki, wala anayetegemea zimfichie banda lenye maranda mabichi.

Mwaka wenyewe mnaujua. Mvua za El Niño zilituacha bado hatujakauka, masika ya Aprili yakaja kwa nguvu, na Mei kimbunga Hidaya kikapita pwani. Maranda yaliloa, harufu ya amonia ikajaa mabandani, na kuhara damu kukapiga hodi hata kwa wafugaji ambao hawakuwa wamekuona kwa muda mrefu. Kila simu niliyopokea kipindi kile ilikuwa na swali moja: niwape dawa gani? Hapo ndipo nilipoona ukubwa wa tatizo letu. Mfugaji wa kawaida hapa kwetu humpokea kifaranga kwa glukosi, vitamini na antibiotiki siku tano za mwanzo, akarudia wiki ya tatu "kwa kinga", kisha akatoa tena kuku wanapoonekana wamenywea karibu na kuuzwa. Ndugu zangu, kinga ni chanjo. Antibiotiki ni tiba ya ugonjwa wa bakteria uliothibitishwa, basi. Haimzuii gumboro wala mdondo, kwa sababu hayo ni magonjwa ya virusi. Na ukimuuza kuku kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha, dawa ile inakwenda kwenye sahani ya mtoto wa mtu.

Usugu wa vimelea dhidi ya dawa si habari ya semina tu. Kwa mwaka 2019 pekee, watafiti walikadiria kuwa maambukizi ya bakteria sugu yaliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Tarehe 26 Septemba mwaka huu viongozi wa nchi walikutana Umoja wa Mataifa, New York, wakakubaliana kupunguza kwa kiasi cha maana matumizi ya dawa hizi kwenye kilimo na ufugaji ifikapo 2030. Tanzania nayo ina mpango kazi wa kitaifa wa kupambana na usugu huu, wa 2023 hadi 2028, na ufugaji umo ndani yake. Wenzetu walianza zamani. Sweden ilikataza antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukamaliza kuzikataza Januari 2006, Marekani ikaondoa zile muhimu kwa binadamu kwenye ukuzaji mwaka 2017, China ikafuata mwaka 2020. Ni heri sisi tuache wenyewe, tukiwa na muda wa kujifunza, kuliko kusubiri tangazo.

Ila tusidanganyane kwamba kuacha ni rahisi. Ulaya, dawa zilipoondoka kwenye chakula, ugonjwa wa kuoza ukuta wa utumbo unaoletwa na bakteria aitwaye Clostridium perfringens ulijitokeza kwa nguvu katika baadhi ya nchi. Wafugaji walilazimika kurekebisha hewa ya mabanda, unyevu wa maranda, udhibiti wa kuhara damu na ubora wa protini kwenye chakula. Probiotiki ziliingia kama sehemu ya kazi hiyo, pamoja na hayo mengine.

Asili yake inafaa tuijue, maana inaeleza namna ya kuzitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mashamba ya kuku wa nyama ya Finland yalikumbwa na salmonela, bakteria wa utumbo anayeambukiza kuku na hata binadamu. Watafiti Nurmi na Rantala wakachukua uchafu wa utumbo wa kuku wakubwa wenye afya, wakawapa vifaranga wachanga, kisha wakawaambukiza salmonela. Vifaranga wale wakahimili kuliko wenzao. Matokeo yakachapishwa mwaka 1973. Fikirini kifaranga wa kienyeji: anaanguliwa chini ya mama, anadonoa kinyesi cha mama, na tangu siku ya kwanza utumbo wake unapata wenyeji. Kifaranga wa mashine anatoka kwenye trei safi, hana mama, na utumbo wake uko karibu mtupu. Ni kama daladala ya asubuhi pale Mbezi: atakayewahi ndiye atakayekaa. Bakteria rafiki wakiwahi, wanashika nafasi kwenye ukuta wa utumbo, wanakula chakula ambacho maadui wangekila, na baadhi yao wanatoa asidi na vitu vingine vinavyowadhoofisha maadui hao. Ndiyo maana tunasema siku ya kwanza, tena kwenye maji au chakula cha kwanza kabisa. Anayesubiri mpaka kuku wahare amechelewa.

Madukani mtakutana na makundi makubwa mawili. La kwanza ni bakteria wa asidi ya maziwa, kama Lactobacillus, Pediococcus na Enterococcus. Hawa kwa kawaida hawapendi joto. Pakiti iliyokaa dirishani juani inaweza kuwa imebaki unga tu. Mara nyingi hutolewa kwenye maji. La pili ni jamii ya Bacillus, kama Bacillus subtilis na Bacillus licheniformis. Hawa hujifunga ndani ya spora ngumu zinazostahimili ukavu, na hata joto la kutengeneza pelleti, yaani chakula kilichoshindiliwa kuwa punje, linalofika nyuzi 80 hivi. Kwa hali yetu, yenye joto la Januari na Februari, umeme wa kukatika na maduka yasiyo na friji, kamati inapendelea hili la pili kwa wanaochanganya chakula wenyewe. Kuna pia hamira, yaani Saccharomyces, lakini hiyo imezoeleka zaidi kwa ng'ombe.

Sasa lebo. Hapa naomba utulivu wenu, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapopotea. Lebo isiyotaja jina la bakteria, idadi ya walio hai kwa kila gramu, tarehe ya mwisho na joto la kuhifadhia, iacheni dukani hata kama picha ya kuku ni nzuri. Kipimo kinachotumika mara nyingi kwa Bacillus ni bakteria hai kama bilioni 1 kwa kila kilo ya chakula. Kama lebo inasema bilioni 1 kwa gramu, utahitaji gramu 1 kwa kilo, yaani gramu 50 kwa mfuko wa kilo 50, au kilo moja kwa tani. Kama inasema milioni 100 kwa gramu, utahitaji nusu kilo kwa mfuko huohuo. Nani kati yetu ataweka nusu kilo? Atapunguza, kuku wasione faida, kisha atasema probiotiki ni uongo. Wengi walioniambia "nilijaribu haikusaidia" hawakuweza kunitajia idadi ya bakteria waliyonunua.

Maji nayo yanaweza kuwaua bakteria hawa. Maji ya bomba ya Ruvu yanatiwa klorini, na klorini haichagui adui wala rafiki. Fanyeni kama mnavyofanya siku ya chanjo ya gumboro: maji yalale usiku kwenye chombo kilicho wazi, au muweke maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hadi 2.5 kwa lita, ndipo muongeze probiotiki. Wekeni kiasi kitakachokwisha kwa saa chache. Chanjo ipate maji yake peke yake. Na kuku akiandikiwa antibiotiki na daktari wa mifugo, mwacheni amalize dozi, kisha mrudishe probiotiki, kwa kuwa utumbo umefagiliwa na nafasi ziko wazi tena kwa yeyote.

Kuhusu mtindi, ambao baadhi ya mama zetu wanawapa vifaranga. Sioni sababu ya kuwagombeza, ila tusiuite probiotiki ya kutegemewa. Bakteria wa mtindi wamechaguliwa kwa kugandisha maziwa, idadi yao hatuijui, na kuku hana uwezo mkubwa wa kumeng'enya sukari ya maziwa, ukizidi, atahara. Mabaki yakiachwa kwenye chombo cha maji, yanavunda na kuita nzi.

Je, faida ni kiasi gani? Tafiti hazikubaliani kwa namba moja, na nawasihi mumkwepe muuzaji anayewaahidi kuku wa wiki nne mwenye uzito wa wiki tano. Manufaa huonekana zaidi pale kuku wanapokuwa na msongo, kama joto, msongamano au mabadiliko ya chakula. Kwenye banda safi tofauti inaweza kuwa ndogo. Lakini ndogo si bure. Chakula ni asilimia 60 hadi 70 ya gharama zetu. Chukueni mfano wa kuku 1,000 wa kilo 2. Kama kila kilo ya uzito inakula kilo 1.7 za chakula, mzunguko mzima unatumia kilo 3,400. Ikishuka hadi 1.65, unatumia kilo 3,300: mifuko miwili imebaki stoo. Linganisheni bei ya mifuko hiyo miwili na bei ya kilo tatu na nusu za probiotiki, kisha kila mmoja aamue kwa hesabu yake.

Wanachama waliotumia mwaka huu wanasema maranda yalikaa makavu zaidi na harufu ilipungua. Nimefurahi kusikia hivyo, lakini karibu wote walianza mvua zilipokwisha, na hakuna aliyetenga kuku wa kulinganisha. Hatuwezi kusema kama ni bakteria au ni jua la Juni. Kwa hiyo kamati inaomba mkutano mkuu uridhie jaribio la pamoja mwakani. Kila atakayejitolea atagawa banda lake nusu kwa nusu: vifaranga wa siku moja, chanzo kimoja, chakula kilekile, nusu wapewe probiotiki na nusu wasipewe. Apime chakula kinachoingia kila upande, aandike vifo kila siku, na apime uzito wa kuku wachache kila wiki bila kuchagua wanene. Kuku anayekufa ghafla asitupwe. Apelekwe kupasuliwa, kwa afisa mifugo au maabara ya TVLA (Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania) pale Temeke, tujue kilichomuua badala ya kubahatisha.

Tunaomba pia kibali cha kununua probiotiki kwa pamoja, kwa sharti kwamba muuzaji alete cheti cha maabara kinachoonyesha idadi ya bakteria walio hai kwa mzigo ule ule tunaonunua, siyo wa mwaka juzi. Asiye nacho, hatufanyi naye biashara hata akitupunguzia bei. Na tunaomba ikubalike kama kanuni ya chama kwamba hakuna mwanachama atakayetoa antibiotiki bila maelekezo ya mtaalamu, na kwamba siku za kusubiri ziandikwe kwenye daftari la banda, ili mnunuzi akiuliza aonyeshwe.

Watakaojitolea kwa jaribio watakutana ofisini kwa katibu Jumamosi inayofuata baada ya mkutano mkuu, saa 4 asubuhi. Njooni na daftari la mzunguko uliopita, pamoja na lebo ya probiotiki yoyote mliyowahi kununua, hata kama pakiti imekwisha.

Wenu katika ufugaji,
Mwenyekiti