Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2025: Sungura, Kuku na ile ishu ya maboksi

Wakubwa zangu shikamooni, wengine mambo vipi. Hii ndo taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wakusanya vidoli vya LEGO, nimechelewa najua, katibu kanikumbusha mara tatu na ile ya tatu hata hakusalimia. Kwenye kikao sitaisoma, maana mwaka jana nilisoma na watu wakaniacha wakaenda kwenye pilau kabla sijafika kwenye hela. Someni hapa, tukikutana hapa Uingereza, Leicester, tunaongea tu.

Wanachama wapya karibuni sana. Niwaambie mapema sisi ni nani maana mmoja wenu alikuja na begi zima la matofali ya LEGO akidhani tunakusanya kila kitu. Hapana, sisi ni wa minifiga zilizovaa wanyama basi. Yaani yule mdoli mdogo wa kama sentimita 4, kavaa suti ya sungura au papa au kuku, na ukimvua lazima ukute mtu. Usipokuta mtu huyo ni mnyama, mpeleke kwingine. LEGO wanazitoa kwa matoleo yenye namba, na mzee wetu ni Gorila wa toleo la 3, mwaka 2011, na ndizi yake mkononi. Mwaka uliofuata akaja Sungura na karoti, toleo la 7, na 2013 Kuku wa toleo la 9 ambaye hana mikono ana mabawa, kwa hiyo hashiki chochote, anasimama tu kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Mimi ndo nampenda kuliko wote. Papa wa 2016 naye ni hivyo hivyo, mapezi badala ya mikono.

Sasa maboksi. Hii ndo habari ya mwaka na ndo imetugombanisha. Wakongwe mnakumbuka enzi za mifuko, tangu 2010 mpaka 2023, figa iko ndani ya kifuko huioni ila unaweza kuipapasa. Matoleo mawili ya mwanzo hata kupapasa haikuwa lazima, baakodi tu ilikuwa inamtaja nani yuko ndani, wakashtuka wakaibadilisha, ndo tukajifunza kutumia vidole. Masikio ya Sungura unayajua ukiyagusa, bawa la Kuku hali kadhalika, mimi nilikuwa nasimama dukani nusu saa nabonyeza mifuko mmoja mmoja huku mlinzi ananiangalia kama nimekuja kuiba, mtu mzima na ndevu zangu. Septemba 2023 wakahamia boksi za karatasi ili kupunguza plastiki, jambo jema kwa dunia sipingi, ila kwa vidole vyetu ndo basi tena. Tangu hapo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na toleo la 25 mwaka 2024 walituuzia mbuzi kweli, yule mchungaji na mbuzi wake, ambaye kila mtu alimtaka hata sisi ambao hatumhitaji.

Toleo la 27 lilipotoka Januari lina wawili wetu, Hamsta na Pterodaktili, na huyu Pterodaktili ndo anamaliza wale wanyama wa kale watatu, T-Rex wa 2023, Triceratops wa 2024, halafu yeye. Kila mtu anamtaka. Wiki ile ya kwanza mwanachama mmoja wa Milton Keynes alinunua boksi tisa peke yake, akapata Cupid, yule wa mapenzi ambaye wala si mnyama, watatu, na Hamsta hata mmoja hakumwona. Mke wake ndo alinipigia simu. Alisema mwenyekiti kaka yangu naomba ufanye kitu.

Ndo tukaanza mchezo, kama ule wa upatu wanaocheza mama zetu, wa Nairobi mtaita chama sijui merigo. Figa ziko 12, katoni ina boksi 36, na kwa kawaida katoni ikiwa haijachezewa inatoa seti tatu kamili. Basi watu watatu wanachanga, kila mmoja hela ya boksi 12, katoni inafunguliwa mbele ya wote watatu, simu inarekodi, kila mtu anaondoka na seti. Asiyetaka seti nzima anachukua wanyama wake na wale wengine wanaenda kwenye meza ya kubadilishana. Tulifungua katoni mbili hivyo na zote zilitoka sawasawa. Ya tatu tuliinunua kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ilikuja na gundi imepakwa mara mbili na ndani Pterodaktili hakuna hata mmoja! Tumepigwa. Hela ilirudi nusu baada ya miezi miwili ya kuandikiana. Kuanzia sasa katoni tunanunua dukani kwa mtu tunayemwona uso.

Kuna hoja ililetwa Juni kwamba kuskani kile kialama cha mraba chini ya boksi kwa simu, ili ujue nani yuko ndani kabla hujanunua, ni wizi. Tuliibishania saa nzima na hatukumaliza, halafu mtu akaleta mambo ya wale wanaopima boksi kwa mizani ya jikoni, ndo ikawa vurugu kabisa. Msimamo wangu mimi: ukiskani umechukua wako mmoja ukaondoka sina neno, ila ukiskani dukani ukabeba Pterodaktili wote sita ukaenda kuwauza bei mara tatu, kisha ukaja kula pilau yetu, hapo tutaangaliana. Nadhani mnamjua ninayemsema na yeye anajijua.

Feki. Mwaka huu zimeingia tatu kwenye meza ya kubadilishana, mbili ni Kuku. Waliozileta nawaamini, nao walidanganywa. Kabla hujabadilishana toa kichwa uangalie kile kidude cha shingoni, halisi ina maandishi LEGO juu yake, madogo sana, tumia tochi ya simu. Hakuna maandishi, rudisha. Na msiweke figa dirishani jamani, jua hata hili la Uingereza linageuza nyeupe kuwa rangi ya meno ya mvuta sigara, Sungura wangu mwenyewe ameharibika hivyo na ilikuwa uvivu wangu.

Wanachama wetu wa Dar na Mombasa nawaomba radhi. Ule mzigo wa Agosti, figa 11 mlizolipia, tulimpa shangazi wa mtu aliyekuwa anasafiri, akafika salama, wajukuu wakafungua begi kabla yake. Zimewafikia tisa tu nzima. Lama hana kichwa, na Mbwa wa 2021 inasemekana yuko kwenye tangi la maji. Chama kitafidia hizo mbili, kamati imeshakubali, na safari nyingine mzigo utaandikwa dawa za kienyeji ili mtoto asiuguse.

Hela kwa kifupi, mweka hazina ana daftari lote na risiti, njooni muone. Ada imelipwa na 14 kati ya 19. Wale watano sitawataja humu ila nitakaa karibu na mlango siku ya kikao. Matumizi makubwa yalikuwa ile katoni iliyotupiga na kukodi ukumbi mara moja, ambapo tulikuwa watu wanane kwenye ukumbi wa watu mia. Hatutarudia, tunarudi sebuleni.

Bado namtafutia mwanachama wetu wa Northampton yule polisi wa toleo la 18, la 2018, walipofanya sherehe ya mavazi kwa miaka 40 ya minifiga. Najua polisi si mnyama, ila mwanachama huyu ana Tembo na Paka na Buibui na wote waliobaki, kapungukiwa huyo polisi tu, na kwenye katoni nzima ya mifuko 60 alikuwa anatoka mmoja. Mwenye naye wa ziada aseme bei ya kibinadamu.

Uchaguzi ni kikao kijacho. Mimi nagombea tena kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, ila akijitokeza sitalia. Njooni na zenu za ziada kwenye vifuko vyenye majina, viatu mtavua mlangoni, na tafadhali wale wa Cupid watatu, msije nao wote.