Glasi ya maziwa haimkingi mfanyakazi na madini ya risasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niongezee neno kwenye makala mliyochapa juu ya vyakula vinavyosafisha madini ya risasi mwilini. Nimefanya kazi ya maabara kwa muda mrefu, na vyakula mlivyovitaja sina ugomvi navyo. Ila mmevitwisha mzigo visioweza kuubeba.

Risasi huingia mwilini kwa hila. Mwili huidhania kalisi, madini yanayojenga mifupa, ukaifungulia mlango kama bawabu anayempisha mwizi aliyevaa sare ya askari. Kwenye damu haidumu: baada ya mwezi mmoja hivi nusu yake huwa imeondoka, nyingine kwa mkojo, nyingine ikahamia mifupani. Kwa mtu mzima, zaidi ya asilimia 90 ya risasi aliyo nayo imo ndani ya mifupa na meno, na huko hukaa makumi ya miaka. Mwanamke aliyeacha kazi ya betri zenye risasi zamani akishika mimba leo, mwili wake huchota kalisi mifupani ili kumjenga mtoto, na risasi hufuatana nayo, ikapita kondo la nyuma.

Madhara yake yametapakaa. Huvuruga vimeng'enya vinavyotengeneza himoglobini, mtu akapungukiwa damu. Hupandisha shinikizo la damu, huchosha figo, hudhoofisha mishipa ya fahamu. Anayeumia kuliko wote ni mtoto mdogo, kwa kuwa ubongo wake bado unajengwa na tumbo lake hufyonza risasi mara 4 hadi 5 kuliko la mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linataka hatua zichukuliwe risasi kwenye damu ikifikia mikrogramu 5 kwa desilita, na bado linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Sasa hivyo vinavyosemwa kuwa kinga. Madini chuma yana ushahidi mzuri, kwa sababu chuma na risasi hupitia njia moja utumboni. Aliyepungukiwa chuma hufyonza risasi zaidi. Kalisi, iliyo tele kwenye maziwa, pia hushindana na risasi pale pale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri vyote viwili kwa watoto wa hadi miaka 10 waliofikia mikrogramu hizo 5, kama lishe yao ina upungufu, na kalisi kwa wajawazito wa hali hiyo hiyo. Kula kabla ya kwenda kazini pia kunasaidia, maana tumbo tupu hufyonza risasi nyingi mno. Vitamini C ina ushahidi hafifu zaidi. Kitunguu saumu na madini ya seleniamu, sehemu kubwa ya tunachokijua imetokana na panya wa maabara.

Lakini chuma na kalisi hupambana na risasi utumboni. Fundi anayeyeyusha betri au kukwangua rangi kuukuu yenye risasi huivuta risasi puani, na vumbi hilo laini likifika mapafuni halikutani na maziwa yoyote. Hata hivyo wapo waajiri wanaogawa maziwa kila asubuhi na kuhesabu kwamba wamemaliza wajibu wao. Maziwa ni rahisi kuliko feni za kufyonza moshi, barakoa za kweli, bafu la kuogea na sare zinazofuliwa kazini. Jioni vumbi linarudi nyumbani juu ya nguo, na mtoto anamkumbatia baba.

Kwenye orodha yenu mliweka kiungo cha manjano, nikashtuka. Nchini Bangladesh watafiti walikuta manjano ya sokoni yametiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye risasi ndani yake, ili yang'ae. Mamlaka zilianza msako mwaka 2019, na kufikia 2021 sampuli za sokoni hazikuwa tena na uchafu huo. Huko hakuna aliyehangaika na cha kusafishia. Risasi iliondolewa ilikokuwa inatiwa.

Dawa za hospitali za kunasa risasi zipo, na kwa watoto kwa kawaida hutolewa risasi kwenye damu ikifika mikrogramu 45 kwa desilita. Huokoa maisha. Hata hivyo, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2001, kwa watoto wenye viwango vya chini ya hapo, ulionyesha kwamba dawa ilishusha risasi kwenye damu bila kuboresha alama zao za akili. Dawa hizo si za kujinunulia, na kuzimeza huku unaendelea kuvuta vumbi lile lile ni kazi bure.

Mkirudi kwenye mada hii, tumeni mwandishi kwenye karakana za betri na rangi. Aulize damu ya wafanyakazi hupimwa mara ngapi, majibu anakabidhiwa nani, na anayekutwa na kiwango kikubwa huhamishwa kitengo au hupewa maziwa tu.

Msomaji wenu,
Mtaalamu wa maabara mstaafu