Matapeli wa simu wanatumia laini za vidole vyetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Najua barua za wasomaji huwa mnazipunguza, ila hii ukiipunguza usiguse sehemu ya kidole, hiyo ndo imenifanya nishike kalamu.

Mi ni wakala wa miamala, nina kibanda Mbagala Rangi Tatu mwaka wa saba sasa, simu nne mezani, daftari moja na feni isiyozunguka. Anayetaka kuwajua hawa watu wa "tuma kwa namba hii" aje akae na mimi siku moja tu, hasa kuanzia tarehe 25 mishahara ikianza kuingia, atawasikia wakiongea laivu kwenye masikio ya wateja wangu.

Wiki mbili zilizopita kaja mzee mmoja namfahamu, mwalimu mstaafu, simu kaibana kwa bega, jasho linamtoka, nikamwamkia shikamoo hakuitikia na si kawaida yake. Akatoa bahasha ya hela na kikaratasi kimeandikwa "niwekee 400,000". Nikamuuliza, baba unaongea na nani? Akaweka kidole mdomoni ninyamaze. Kwenye simu nasikia sauti ya kijana, Kiswahili kimenyooka kama mtangazaji, anasema mzee usikate simu, usimwambie wakala chochote, mawakala ndo wezi wenyewe. Mhariri, nilichofanya si cha kistaarabu, nilimpokonya simu nikakata. Alinitolea maneno yule mzee mbele ya wateja, mpaka nikaogopa nimekosea. Nikampa maji akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ndo akaanza kueleza taratibu.

Kumbe kapigiwa akaambiwa anaongea na makao makuu ya mtandao wake, akaunti yake ya pesa inafungwa leo saa kumi kwa sababu haijahakikiwa. Ili ihakikiwe lazima iwe na salio lisilopungua laki nne, aweke kwanza, hela ni yake hamna mtu anaichukua. Akishaweka anapelekwa kwenye menyu hatua kwa hatua, bonyeza moja, haya sasa weka namba ya ofisi, haya sasa weka kodi ya uhakiki, tatu tisa tano sifuri sifuri sifuri, haya malizia na namba yako ya siri lakini mzee usinitajie mimi, hiyo ni siri yako. Umeona ujanja? Namba ya ofisi ni namba ya tapeli, kodi ya uhakiki ni shilingi 395,000, na hapo kwenye "usinitajie" ndo mzee anaamini kabisa, maana kila siku redioni wanasema anayekuomba namba ya siri ndo mwizi, na huyu hajaomba. Yaani tangazo letu la kutukinga wao wameligeuza chambo.

Watu wakisikia wanacheka, mtu mzima na akili zake unaibiwaje na sauti. Mi sicheki. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kibanda hiki nilipigiwa na mtu akajitambulisha ni msimamizi mpya wa mawakala wa eneo letu, anajua jina langu, anajua na floti yangu ya asubuhi, yaani hela ya kufanyia miamala, ilikuwa shingapi, mpaka leo sijui alijuaje. Ikaondoka 240,000. Nyumbani nilisema biashara imekuwa ngumu mwezi ule, sikusema nimetapeliwa, na wala sikuripoti. Aibu. Ndo maana nikisikia watu wanasema wanaotapeliwa ni washamba wasiosoma naona hawajui wanachoongea. Hawa jamaa wanatumia haraka yako na heshima yako, mwalimu mstaafu kafundishwa maisha yote kuitii ofisi, akiambiwa "makao makuu" anasimama wima.

Zile nyingine mnazijua. Mwenye nyumba anayetaka kodi iende namba nyingine, daktari wa shule anasema mtoto kaanguka anahitaji dawa sasa hivi, mganga wa utajiri, Freemason anayetafuta wanachama kwa meseji (sijawahi kuelewa tajiri wa dunia nzima anashindwaje kupata elfu thelathini ya fomu). Na ile ya "nimekosea kutuma naomba unirudishie", hii niseme kidogo maana inawamaliza wauza maduka. Meseji inakuja imefanana kabisa na ya muamala ila imetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, we unasoma meseji huangalii salio. Angalia salio kwanza. Na hata kama hela imeingia kweli usimrudishie kwa mkono wako, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake waurudishe muamala wenyewe, mkweli atakubali, tapeli ataanza matusi hapo hapo.

Sasa kidole. Laini za simu nchi hii tulianza kusajili kwa alama za vidole tarehe 1 Mei 2019, tukaambiwa mwisho ni tarehe 31 Desemba, hayati Rais Magufuli akaongeza siku 20 mpaka 20 Januari 2020, mnakumbuka foleni za vitambulisho vya taifa kule NIDA zilivyokuwa, watu wanalala nje na makoti. Tulivumilia kwa sababu tuliambiwa laini ikiwa na jina na kidole cha mtu utapeli utaisha, mhalifu atafuatwa mpaka mlangoni. Haya, miaka imepita, mlango anaofuatwa ni wa nani?

Mwezi uliopita mteja mmoja kanionyesha kwamba ukipiga *106# ukafuata maelekezo na kuweka namba yako ya NIDA unaona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nikapiga kwa utani. Zikaja nne. Mi nina mbili. Mojawapo ya hizo nyingine ni ya mtandao ambao tangu nizaliwe sijawahi kuutumia.

Nikakaa nikakumbuka. Niliporudisha laini yangu iliyopotea nilisajiliwa na kijana wa mwamvuli pale stendi, akaniambia dada kidole chako hakisomi, sugua kwenye nguo, weka tena. Nikaweka. Bado, jaribu cha kushoto. Nikaweka. Mara nne au tano hivi, na mi wala sikushangaa, mikono yetu sisi watu wa kazi ndo ilivyo, muulize mama lishe au fundi ujenzi, mashine kweli huwa zinagoma kuisoma. Hapo ndo penye siri, kwa sababu mashine zinagoma kweli hakuna anayehesabu kaweka kidole mara ngapi, na katika zile mara tano mbili zilikuwa laini za mtu mwingine. Vijana hawa wanalipwa kwa idadi ya laini, wana tageti, na kuna mtu pembeni yuko tayari kununua laini iliyokwisha kusajiliwa kwa bei kubwa kuliko kamisheni.

Kwa hiyo tapeli aliyempigia mzee wangu huenda kampigia kwa kidole cha muuza mboga wa Kongowe. Au changu.

Nilienda kwenye duka la mtandao unaohusika nikaambiwa nikachukue RB polisi kwanza, ile namba ya kuonyesha umeripoti. Kituoni nikaulizwa umeibiwa nini? Nikasema sijaibiwa, kuna laini zina jina langu. Basi rudi kwenye mtandao, wao ndo wenye laini. Siku mbili nimefunga kibanda.

Sisemi hakuna kinachofanyika. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wametuwekea namba 15040, ukipata meseji ya kitapeli unaisambaza huko, wanakuomba namba iliyoituma unaiandika, basi, na namba zinafungwa kweli. Wanatoa na ripoti kila robo mwaka, humo Rukwa na Morogoro zimekuwa zikitajwa kuongoza kwa majaribio ya utapeli. Swali langu ni dogo tu, kama inajulikana mpaka mkoa, laini zinazotumika huko kila robo mwaka zilisajiliwa na wakala yupi, kwa kishikwambi kipi, siku gani? Usajili wa vidole si unaacha kumbukumbu? Tukifunga namba jioni asubuhi anafungua pakiti nyingine, na tapeli anayenunua laini kama karanga hawezi kuumia kwa kufungiwa moja.

Ninachoomba kwa wahusika, na naomba Mhariri usikiondoe, kila laini inaposajiliwa kwa NIDA yangu niletewe meseji hapo hapo kwenye laini ninayotumia: umesajili laini mpya, kama si wewe jibu hapana, na nikijibu hapana ife kabla haijapiga simu hata moja. Benki nikitoa elfu kumi wananijulisha, hili linashindikana nini? Na kumuondolea raia laini isiyo yake lisiwe jambo la kuzungushwa kati ya kaunta mbili.

Sisi mawakala pia tusijifanye hatuoni. Mteja akija simu iko sikioni, anatetemeka, hataki kuongea, usimhudumie mpaka akate. Utakosa kamisheni yako ya shilingi mia kadhaa, na utatukanwa kama mimi.

Yule mwalimu kapita juzi, shikamoo yangu kaitikia vizuri na marahaba mwanangu juu. Kanipa simu nimsomee meseji, miwani kasahau: ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja tofauti. Akaniuliza hii ndo yenyewe? Nikamwambia ndo yenyewe baba, tukaisambaza kwenda 15040 pale pale kwenye benchi. Zile laini zangu mbili hadi naandika barua hii bado ziko hewani.

Wakala wa miamala,
Rangi Tatu, Mbagala,
Dar es Salaam.